Ansbert Gaspar wa Chang'ombe, Aliyewaandikia Majirani Msamaha wa Kodi

Ndugu, majirani na marafiki, tunayemzika leo ni kaka yangu, Ansbert Gaspar. Alizaliwa Kibosho, Kilimanjaro, tarehe 14 Machi 1899, mtoto wa kwanza wa mzee Gaspar na mama Demetria. Tarehe hiyo ni ya kitabu cha ubatizo, kwa maana marehemu hakupenda mtu apunguze wala aongeze hata mwezi mmoja.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1914, baba yetu alipofariki. Mimi Gaudens, mdogo wake, nilikuwa na miaka minne. Kaka aliacha shule, akalima, akanilea, na nilipofika umri akanisomesha kwa jasho lake. Mwaka 1922 alikuja Dar es Salaam. Mwaka uliofuata alipata ukarani katika ghala moja Kurasini, akaishika kazi hiyo miaka ishirini na saba.

Akitoka kazini, watu walimfuata barazani kwake hapa Chang'ombe na mambo yao ya kodi. Aliwahimiza watunze stakabadhi wasije wakatozwa mara mbili, na kibanda kikianguka wakatoe taarifa kabla nyumba hazijahesabiwa kwa kodi. Bwana Sadruddin mwenye duka, ambaye tuko naye hapa, alifundishwa kutoa kwanza pango, mishahara na unga uliooza, ndipo ahesabu faida ya kutozwa kodi. Jirani yetu Nikodemu alitaka mwanawe apunguziwe miaka miwili ili aonekane bado mtoto, asilipe kodi ya kichwa.

"Uongo siandiki, Nikodemu," alimwambia. "Lakini mama yako haoni, na kila mwaka unakilipia kodi kibanda chake. Mbona hilo hujaliombea msamaha?"

Barua akaiandika papo hapo, na msamaha ukatoka. Wazee na wajane aliowaandikia barua kama hizo wanapita sitini, na hakumtoza hata mmoja wao.

Tarehe 9 Oktoba 1926 alifunga ndoa na shemeji yangu Eufrazia. Mama mkwe wake alipofiwa na mumewe, alihamia kibanda cha uani kwa kaka, nacho kikahesabiwa nyumba ya pili ya kulipiwa kodi. Kaka aliunganisha paa la kibanda na la nyumba kubwa ili vyote vihesabiwe nyumba moja, na kweli vikahesabiwa hivyo. Ila useremala hakuujua, na masika yalipofika maji yalipenya penye kiungo yakaangukia kitanda cha mama mkwe. "Mwanangu," mama alimwambia, "serikali umeniepusha nayo, sasa niepushe na mvua." Kaka alicheka hadi akakaa chini.

Mwaka 1950 kifua kilimwanza, akaacha kazi. Akiba iliishia kwenye dawa. Sheria ilimruhusu kusamehewa kodi, lakini kila nilipomgusia alikataa. "Mie sijafika huko, Gaudens. Siku nikiandikwa asiyejiweza, mtakuwa mmeshanizika." Aliyewaombea wengine msamaha aliliogopa neno hilo lilipomgeukia yeye.

Nami nikamwandikisha kwa siri. Ningeweza kumlipia kimyakimya, fedha nilikuwa nazo. Nilijiona mwerevu, nimefuata mafunzo yake mwenyewe. Jumamosi tarehe 14 Februari mwaka huu wa 1953, jina lake lilisomwa mbele ya watu wote barazani kwa jumbe wa mtaa, katika orodha ya wasiojiweza. Alisimama kwa mkongojo, akaitika, "Nipo." Kisha akanitazama. Jinsi alivyonitazama siwezi kuisimulia.

Palepale mzee Mwinshehe, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akijificha kila kodi inapodaiwa kwa kuona haya kuomba, aliinuka. "Kama karani Ansbert kaandikwa, mie nani? Niandikeni na mie." Wazee wengine wanne walimfuata. Kaka alimshika mkono mzee Mwinshehe, akamwambia amefanya vyema. Lakini mimi, ingawa tuliishi nyumba moja, tangu siku hiyo aliniitikia salamu tu, nami, kwa aibu na kiburi, sikumwomba radhi. Kila siku nilisema nitamwomba kesho.

Jumanne tarehe 9 Juni hali yake ilibadilika tangu asubuhi. Nilikuwa kazini Kurasini. Shemeji anasema marehemu aliuliza mara tatu, "Gaudens karudi?" Mara ya tatu aliomba mkeka wangu utandikwe karibu na kitanda chake, nikifika nipate pa kukaa. Saa tisa alasiri alikata roho. Nilifika saa kumi na moja, nikaukuta mkeka umetandikwa.

Marehemu ameacha mjane, Eufrazia, watoto watatu, Felicitas, Genoveva na Albano, wajukuu watano, na mimi mdogo wake. Mwenyezi Mungu ampokee na ampumzishe kwa amani.

Kaka, nisamehe. Nimechelewa kurudi.