Mama Faili na Ufunguo wa Chumba Namba Tisa

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, karani wetu wa masjala ya kliniki ya wajawazito atafunga dirisha lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Barua za ofisi zinamwita kwa jina refu. Sisi tunamwita Mama Faili. Mwezi mzima huu hospitali nzima imekuwa ikijiuliza swali moja tu: akiondoka, nani atashika ufunguo wa chumba namba tisa?

Alikuja akiwa binti mwembamba (hiyo ni kauli yake, picha hazijapatikana) kumshikia nafasi kwa wiki mbili mtu aliyekwenda likizo. Mwenye likizo hakurudi, na Mama Faili hakuondoka. Amezichosha mashine mbili za kupiga chapa, kompyuta akaipokea kwa mashaka, na mpaka leo huandika kwenye daftari kwanza kwa sababu, anasema, daftari halizimiki. Kalamu yake ukiiazima utairudisha, upende usipende.

Ameagiza mwenyewe kwamba kosa lake liandikwe humu, katika maneno haya ya kumuaga. Katika mwaka wake wa kumi na mbili kazini, alikuwa akiwapigia simu wajawazito waliokosa kliniki. Siku moja alimpigia mwanamke mmoja na kumgombeza kwa utani, kama ada yake, kwamba mtoto hamngojei mama mvivu. Mimba ya mwanamke yule ilikuwa imeharibika wiki mbili kabla, katika jengo hili hili, wodi ya juu, na hakuna aliyeleta taarifa masjala. Mwanamke huyo ni mimi.

Kesho yake nilikuja kurudisha kadi. Nilikuwa nimejiandaa kumpa vidonge vyake vya maneno, nikaishia kulia mbele ya dirisha huku kina mama wenye matumbo makubwa wakinitazama kutoka kwenye mabenchi. Mama Faili alifunga dirisha mchana kweupe, jambo ambalo halijawahi kutokea, akatoka nje na kunikumbatia. Aliomba radhi bila kujitetea. Kisha akauliza kama kuna lolote ninalotaka kujua.

Yalikuwa tele. Je, ni ile ndoo ya maji niliyobeba? Ni ugomvi wangu na wifi? Damu itakoma lini? Akasema hajui, ila anamjua anayejua, akanishika mkono mpaka kwa mkunga mkuu. Mkunga alinieleza taratibu: si ndoo, wala si wifi, mara nyingi mimba changa huharibika bila kosa la mtu yeyote. Ila nikiona homa, damu nyingi au maumivu makali, nirudi mara moja. Wifi yangu hadi leo hajui jinsi alivyosamehewa siku ile.

Tangu hapo, Mama Faili hapigi simu hata moja kabla ya kupanda wodi ya juu na daftari lake. Kadi za waliopoteza mimba huzitoa kwenye sanduku la kliniki na kuzifunga kwa utepe mweupe. Hao huwapigia kuwajulia hali tu. Maneno ya mkunga aliyachapa kwenye ukurasa mmoja, na kila mama wa wodi ile hutoka nao mkononi.

Kisha akataka chumba cha waliopoteza mimba kukutania. Namba tisa ilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Aliandika barua kumi na moja, na ya mwisho akaipeleka mwenyewe, akakaa kitini kungoja jibu. Daktari mkuu alikuwa na safari. Alitia saini akiwa amesimama.

Kila Alhamisi tukakutana humo, chai akitumiminia yeye: wake, mama wakwe, hata waume. Mmoja wao, seremala, alikataa katakata kuingia, akisema haya ni mambo ya wanawake. Mama Faili hakubishana naye. Alimwomba tu atazame kabati lililolegea. Alhamisi ya tatu, akiwa ameupa mlango mgongo na bisibisi mkononi, aliongea saa nzima kuhusu mtoto wake. Sasa hatuna kabati bovu hospitali nzima.

Miaka miwili baada ya simu ile, nafasi ya kazi mapokezi ilitangazwa. Aliyenipigia kunijulisha mnamjua.

Mwezi huu, vitanda vibovu vilipoanza kusogezwa karibu na mlango wa namba tisa, Mama Faili aliandika barua ya kumi na mbili. Ilijibiwa siku hiyo hiyo: chumba kibaki kilivyo. Jumatatu alinikabidhi ufunguo, umefungwa kwa utepe mweupe, pamoja na karatasi yenye majina ya ninaotakiwa kuwapigia wiki hii.

Mama Faili, asante kwa simu ile uliyokosea, na zaidi kwa kutoka nje ya dirisha lako. Tunakutakia afya, wajukuu watundu na usingizi wa mchana. Alhamisi ukipita namba tisa, kaa kitini. Safari hii chai tutakumiminia sisi.