Amesema Mama ni Kaindi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, kando ya ukuta wa ofisi ya bima. Bila Mama Birika, pangekuwa ukuta tu. Yeye ndiye aliyewasha jiko pale kabla watu wa ofisi hawajafika, akapanga vikombe, akafuta benchi, kisha akawasikiliza wanaume watatu wakitatua matatizo ya dunia nzima isipokuwa ya kwao. Asubuhi hiyo bosi mpya wa ofisi, mwanamke mwenye viatu vya kugonga sakafu, alisimama akanywa kikombe kimoja cha chai, akamwambia Mama kwa Kiingereza kwamba ni "kind" sana. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, "Nitakuita tuzungumze kuhusu sehemu hii," akapanda ngazi. Mama alisoma hadi sekondari. Alijua neno hilo maana yake ni mtu mwema. Alijua pia kwamba hakuna bosi anayetanguliza sifa anapoleta habari njema. Tangu hapo mikono yake ilikuwa ikifuta kikombe kilekile.

— Ngoja kwanza, alisema Redio, fundi simu ambaye mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. — Kaindi si ni aina? Kuna wateja wangu wanaulizia aina ya simu kwa neno hilohilo. Kwa hiyo amesema Mama ni aina.

— Aina ya nini? aliuliza Kinyozi.

— Hakumalizia. Alikuwa na haraka.

— Mke wangu naye huniambia hivyo, "Wewe ni mwanaume wa aina gani?" Na hajawahi kuwa ananisifu.

Wote wakamgeukia Kamusi. Huyu alikuwa mkalimani mstaafu wa mahakama, na pia kaka wa marehemu mume wa Mama, shemeji yake kabisa. Aliishi nyumba ya tatu kutoka pale, yenye baraza pana linalotazama barabara. Barazani palikuwa na kiti kimoja cha kulalia, na paka.

— Hamjui mnachosema, alisema Kamusi, akinyoosha kikombe kiongezwe bila kumtazama anayeongeza. — Hilo neno lina undugu na neno jingine la Kiingereza, "kin", yaani ukoo. Damu! Hapo zamani, mtu kaindi alikuwa yule anayewatendea watu kama jamaa zake.

— Kama jamaa zake? Redio alishangaa. — Basi aliyelitunga alikuwa yatima.

— Au alikuwa bado hajafiwa, alisema Kinyozi. — Angesubiri mirathi igawanywe, angetafuta neno lingine.

Mama alicheka kidogo, puani. Mume wake alipofariki, ukoo ulikuja na gari kuchukua kabati. Shemeji alikaa mbele, pembeni ya dereva.

— Lakini hiyo ni nzuri! Redio akapiga paja. — Bosi amemwita Mama ndugu. Ndugu hafukuzwi.

— Nani kakudanganya? alisema Kinyozi. — Ndugu ndiye wa kwanza kufukuzwa. Mgeni unamwonea haya.

— Basi ni Kijerumani. Nasikia bosi kasomea huko, na kwa Wajerumani neno hilo ni mtoto. Amemwambia Mama ni mtoto sana.

— Huyu mwenye watoto wanne?

— Ndiyo maana hakueleweka!

Kinyozi alitikisa kichwa, akaonyesha kibao kwenye geti la ofisi.

— Mnahangaika bure. Someni pale. "Kindly", usiegeshe gari hapa. "Kindly", usitupe takataka hapa. Hilo ni neno la kufukuzia watu. Wamelitia sukari tu.

Hapo Mama aliweka kikombe chini. Hilo ndilo lililomzunguka kichwani tangu asubuhi. Jiko lingehamishika, birika lingebebeka, lakini wateja hawabebeki. Mtoto wake mkubwa alikuwa anataka vitabu vya kidato cha tatu, na wa mwisho bado anavaa viatu vya aliyemtangulia.

— Wala usijali, Mama, alisema Kinyozi. — Wakikugusa tu, mtaa mzima utasimama.

— Tutawaandikia, alisema Kamusi. — Kwa Kiingereza.

— Mimi nitatangaza, alisema Redio.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando yao, amemshika mtoto mkono, akingoja Kinyozi akumbuke kwamba ana kazi. Hakuwa mtu wa kijiwe kile.

— Samahani, alisema. — Wakimwondoa hapa, atauzia wapi?

Kinyozi akainamia nywele za yule mtoto kana kwamba hajawahi kuona nywele. Redio akatoa simu, akaipuliza vumbi ambalo halikuwapo. Kamusi alizama ndani ya kikombe chake. Kule nyumba ya tatu, paka alijinyoosha barazani, akajigeuza, akajinyoosha tena upande wa pili, na nafasi ikabaki.

— Shemeji, alisema Mama taratibu. — Wewe ndiye mkalimani. Hebu tufasirie.

— Unajua, shemeji... neno lenyewe... lina historia ndefu.

— Naona.

Mlinzi wa ofisi akachungulia getini.

— Mama, unaitwa juu!

Mama alikaza kitambaa chake cha kichwa, akalishika birika. Kamusi alinyoosha kikombe haraka.

— Kabla hujaenda, shemeji, nimiminie kidogo.

— Imekwisha.

Akageuka, akachukua kikombe kile alichokifuta asubuhi nzima, akakijaza hadi juu, akampa yule mwanamke mwenye mtoto. Mvuke ulipanda mbele ya macho ya wanaume watatu.

— He! Mbona hiyo imetoka? aliuliza Redio.

— Hiyo ni ya aina nyingine, alisema Mama, akapanda ngazi na birika lake.