Ncha ya Waya Kule Hammarsdale

Wasikilizaji wapendwa, Hlalanathi Mkhize hayupo tena. Fundi huyu wa taa za reli kule Hammarsdale ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na moja. Leo nawasimulia Jumapili moja tu ya maisha yake. Jumapili ya Pasaka.

Siku iliyotangulia, Mkhize alibadilisha nyaya katika kibanda cha mitambo ya taa. Waya wa zamani hukatwa, kisha ncha yake hufungwa utepe. Ikiachwa wazi, ikagusa pale ilipokuwa imeunganishwa zamani, taa huwaka kijani hata kama kuna treni imesimama mbele. Kijani, wasikilizaji, na mbele kuna watu.

Asubuhi hiyo alikuwa kanisani, amevaa kizibao chekundu cha umoja wa wanaume. Katikati ya wimbo akanyamaza. Mjane wake, MaZondi, anakumbuka: "Alikuwa anaangalia vidole vyake. Akaninong'oneza, 'Ule waya niliukata. Sikumbuki kuufunga.' Nikamwambia, 'Baba, si ungoje ibada iishe?' Kugeuka, yuko mlangoni."

Akapiga simu chumba cha kuongozea treni. Zamu ilikuwa ya Lindelani Cele.

"Simamisha treni zote za mlimani!"

Cele akamjibu kwa jina la sifa la ukoo wake: "Khabazela, umemaliza divai ya mchungaji nini? Taa yangu ni kijani."

"Hiyo hiyo ndiyo naiogopa! Simamisha, Lindelani. Nimekosea mimi."

Cele akamwita dereva kwa redio. Treni yenye abiria mia sita ikafunga breki, magurudumu yakapiga kelele, ikasimama konani. Hatua mia mbili mbele yake kulikuwa na treni nyingine, imeharibika, imejaa waumini. Mitambo ya Cele haikuwa imeiona kabisa.

Mkhize alipofungua kibanda aliikuta ile ncha. Wazi. Imegusa. Akaketi sakafuni.

Kabla ya uchunguzi, mwenzake alimvuta kando. "Sema wezi wa shaba waliingia. Nani atabisha?"

"Wezi hawana ufunguo wangu," akajibu.

Alisimamishwa kazi miezi mitatu. Akavuliwa ukuu wa kikosi cha mafundi. Binti yake, Nokwazi, anasema watoto wa jirani walimwita baba yake "Bwana Kijani". Mkhize aliporudi kazini hakufunga tena kibanda mpaka mtu wa pili akague kila waya.

Juzi alifika msibani mzee Mzamo Gumede, dereva wa treni ile ya nyuma. Alisema: "Siku ile nilimtukana kwa kunichelewesha. Kisha nikapita ile kona kwa miguu, nikaona akina mama wamekaa kwenye majani, wanawagawia watoto mikate. Nikashindwa kurudi kuendesha."

MaZondi, Nokwazi na ukoo wote wa Mkhize, poleni sana. Tunalia nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, unayeshika kazi inayobeba roho za watu: kama kuna jambo la jana unalitilia shaka, usingoje kipindi hiki kiishe. Inuka sasa.