Dorotea Machibya, Fundi wa Kalkuleta za Karatasi

Wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na nyote mliofika hapa Kiseke kutushika mkono, mimi ni Winnie, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Dorotea Luhende Machibya, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Winnie, na ninyi wa maofisini mlimwita Fundi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 huko Kisesa, wilaya ya Magu, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa mzee Luhende Machibya na mama Ng'washi, wakulima wa pamba na wafugaji, na hesabu alianza kuzijua zizini, kwani ng'ombe walipokuwa wakirudi yeye ndiye aliyesimama mlangoni, na akipungua mmoja alimtaja kwa rangi yake kabla babu hajauliza.

Alisoma shule ya msingi hapo Kisesa kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akaendelea na sekondari Mwanza mjini hadi 1973, kisha akasomea ukarani kwa mwaka mmoja, na tarehe 3 Machi 1975 aliajiriwa katika ofisi ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kando ya ziwa.

Mwaka 1978 kiwanda kililetewa kalkuleta mbili za umeme, zile kubwa za mezani zinazochapa tarakimu kwenye karatasi ya kuviringisha, na mtaalamu aliyezileta alikaa siku moja tu, akaondoka, akaacha kitabu cha maelezo kwa Kiingereza, ambacho mama alikisoma kwa wiki mbili akiwa na kamusi pembeni, hadi akajua kila kitufe, na tangu hapo ikawa ni yeye wa kuzihudumia. Aliwafundisha makarani wenzake kukata ncha ya karatasi ikae sawa kabla ya kuiingiza, kutoivuta karatasi kinyumenyume, kuchomoa waya ukutani umeme unapoanza kucheza, na kabla ya kazi kubonyeza sifuri hadi tisa ili kuona kama kila tarakimu inatoka nzima. Kila Jumamosi alizifungua akazisafisha kwa brashi, kwa sababu vumbi la pamba liliingia, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi nao waliingia, na jioni alirudi nyumbani vidole vikiwa vyeusi kwa wino.

Ndugu waombolezaji, hapa mama mwenyewe alituagiza tusiruke jambo, naye alituambia hivi: "Mtakaposoma historia yangu msisome mazuri tu, someni na lile la utepe."

Mnamo Agosti 1979, katikati ya msimu, kijana mmoja karani wa mizani, Mayala Kashindye, alituhumiwa kuiba pamba, kwa kuwa hati za vituo vya kununulia zilionyesha kilo 8,416 zimepelekwa kiwandani kwa siku moja, na kitabu cha mapokezi kilionyesha kilo 3,416, na pamba yenyewe ilikwisha kuingia mashineni haiwezi kupimwa tena, hivyo tani tano zilionekana zimepotelea mikononi mwake. Mayala aliapa, akalia, lakini kila mtu alisema kalkuleta haidanganyi, na meneja akaitisha kikao ili akabidhiwe polisi.

Asubuhi ya kikao hicho mama aliichukua karatasi iliyochapwa na kalkuleta siku ile, ambayo jumla yake ndiyo iliyonakiliwa kitabuni, akaisogeza dirishani, na akaona kwamba utepe wa wino ulikuwa umechakaa na kujikunja, tarakimu zinatoka upande mmoja tu, na kila nane imekatika ubavu wa kushoto ikawa kama tatu. Utepe ule alipaswa kuubadilisha yeye wiki moja kabla, mpya ulikuwa kwenye droo yake, lakini kwa wingi wa kazi za msimu aliahirisha leo na kesho, na hakuna mtu mwingine pale ofisini aliyejua kuutazama. Alituambia kwamba alikaa kwenye kiti chake akiwa na ile karatasi mkononi, akiwaza kazi yake na wadogo zake wanne aliokuwa akiwasomesha, na kwa muda alifikiri kuirudisha kwenye faili.

Aliingia kikaoni ameibeba kalkuleta, akaiweka mezani, akasema, "Bwana meneja, kilo hazikupotea, kosa ni langu." Kisha akatia utepe mpya mbele ya wote, akaomba karatasi za mizani za Mayala, akaingiza uzito mmoja mmoja, na mashine ikachapa nane nzima, nne, moja, sita. Mayala alirudishwa kazini siku hiyohiyo, na mama akapewa barua ya onyo, na cheo cha ukarani mkuu alichokuwa amekwisha kuahidiwa akapewa mwingine.

Siku chache baadaye Mayala alimfuata getini, akamuuliza, "Dada Dorotea, ungenyamaza nani angejua?" naye akamjibu, "Mayala, ile mashine naifungua kila Jumamosi, ningeitazamaje?" Ng'ombe wa mahari walipelekwa Kisesa, na tarehe 5 Septemba 1981 wakafunga ndoa huko huko, wakajaliwa watoto watatu, mimi Winnie mwaka 1982, Jonathan 1985 na Rose 1990, pamoja na wajukuu saba.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1994 mama hakukaa bure, alichukua mkoba wake wa bisibisi akazunguka ofisi na maduka ya mjini akitengeneza kalkuleta, walimu wa Butimba walimletea hadi nyumbani, na sisi tulikua tukitafuta skrubu ndogo kwenye mkeka huku yeye akituonya, "Asikanyage mtu hapo." Ule mlio wa karatasi ikipanda ndio uliotuambia kwamba mashine imepona, nasi tulipiga makofi. Aliacha kazi mwaka 2018, macho yalipopungua na simu zilipochukua nafasi.

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa kwa vipindi, na tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa hospitali, Rose akiwa amemshika mkono, alituacha, akiwa na umri wa miaka sabini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Kiseke ambao tangu Jumatano hamjaacha jiko letu lizimike, wafanyakazi wenzake wa kiwandani mliosafiri na miguu yenu inayouma, na kwaya.

Baba yetu, mzee Mayala, yuko hapa mbele yenu. Mama katika saa zake za mwisho hakuagiza kuhusu mali wala jeneza, alisema tu, "Baba yenu msimpe chai kavu." Mayu, mama yetu, leo asubuhi amekunywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, amemaliza kikombe. Pumzika kwa amani.