Mama Maji Baridi, Aliyekataa Mungu Asingiziwe

Ndugu jamaa, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, habari za utoto wa marehemu zimetoka kwa dada yake, huyu bibi aliyekaa karibu na jeneza, aliyezisimulia kwa mkamwana wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea hapa, huku akikunja nguo za mdogo wake na kuziweka sandukuni, kwa hiyo pale zilipokunjamana mtatusamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 7 Machi 1962, siku ya Jumatano ya Majivu, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho, na dada yake anasema kwamba baba yao alirudi kutoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, akainama kumtazama mtoto, majivu yakamdondokea mtoto puani, akapiga chafya, na mama yao akasema huyu ameanza kubisha mapema.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akapokea komunyo ya kwanza na baadaye kipaimara, na katika mafundisho alijulikana kwa maswali, maana katekista aliposema kwamba Mungu anaweza yote, yeye alisimama akauliza kwa nini basi hakuushika mkono wa Kaini, akaambiwa atoke nje apige magoti, akatoka, akapiga magoti, lakini swali alibaki nalo.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika chumba cha dobi cha hospitali ya mji wetu, akafanya kazi humo mpaka alipostaafu mwaka 2022, na wengi mnamjua kwa jina alilopewa huko, Mama Maji Baridi, kwa sababu kila msichana mgeni aliyebeba ndoo ya maji ya moto kuelekea kwenye shuka zenye damu alimsikia akipiga kelele kutoka mwisho wa chumba, "Maji baridi! Ukiichemsha damu itang'ang'ania, utaipiga pasi mpaka uolewe!"

Alifunga ndoa kanisani tarehe 20 Julai 1985 na seremala aliyekuja kutengeneza milango ya hospitali, wakajaliwa watoto wawili wa kiume, wa kwanza ni huyu kaka mkubwa mnayemwona, na wa pili, aliyezaliwa mwaka 1994, ndiye aliyekuwa mume wa mkamwana, na seremala alifariki mwaka 2008 kwa ugonjwa wa muda mfupi, akimwachia marehemu kitanda alichokichonga mwenyewe, ambacho ndicho marehemu alichofia.

Vita ilipotufikia, majeruhi wa upande wa pili waliletwa pia hospitalini, wakalazwa wodi ya mwisho, na shuka zao zilishushwa dobi zikiwa zimefungwa fundo la peke yake, na wafuaji hawakutaka kuzigusa, wakasema wao hawafui damu ya adui, ndipo marehemu alipolifungua fundo akazichanganya shuka zote katika beseni moja, akawaambia, "Haya, nionyesheni ya adui ni ipi, niifue mwisho," na hakuna aliyeweza, wakakunja mikono ya nguo wakafua.

Tarehe 19 Juni 2019 mtoto wake wa pili, aliyekuwa askari, aliuawa kwa risasi akiwa darajani, akazikwa Jumamosi tarehe 22, mkamwana akiwa na mimba kubwa, na pale kaburini mwenyekiti wa jumuiya yetu, naye ni mama mwenzetu, kwa nia njema kabisa, alisema maneno ambayo sote huyasema, kwamba sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi, na marehemu, ambaye alikuwa ameshika udongo mkononi, hakuutupa, alisema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Mungu hakumpiga mwanangu risasi. Aliyempiga ni mtu. Msimsingizie Mungu."

Wanakwaya walisahau wimbo uliokuwa unafuata.

Kuanzia siku hiyo wengine walisema uchungu umempanda kichwani, wengine walisema amekufuru, na wengi hawakusema kitu ila walianza kumsalimia kwa mbali, na kanisani benchi lake likawa la kwake peke yake pamoja na mkamwana, na mjukuu alipozaliwa, mkamwana akawa hawezi kwenda kila Jumapili, hata akaja kuchelewa siku moja, akasimama mlangoni na mtoto mgongoni, akamwona mama mkwe wake wakati wa kutakiana amani, watu wote wakigeukiana na kushikana mikono, yeye akageuka kushoto ambako kuna ukuta, akageuka kulia ambako hakuna mtu, kisha akairudisha mikono yake mapajani, akaishikanisha yenyewe kwa yenyewe, na mkamwana, ambaye ni mtu wa haya, alishindwa kukatiza kanisa zima kumfuata, akabaki mlangoni.

Paroko alikuja nyumbani kumwona, akapewa chai, akasema, "Mama, ulichokisema kaburini ndicho Kanisa linachofundisha, Mungu hataki uovu, huuruhusu tu, ila wewe umekifundisha kwa sauti kubwa mno."

"Na hilo la kuruhusu, padri," alisema marehemu, "mimi nikimwona mtoto anakwenda motoni nikakaa na kikombe changu cha chai, utaniita mama?"

Paroko aliweka kikombe chini, na tunamshukuru kwamba hakumdanganya, alimwambia, "Sina jibu la kukutosha. Ninachojua ni kwamba Mungu hakukaa, alishuka, na Mwanae naye aliuawa na watu," na marehemu akasema hilo ataliwaza, akamwongezea sukari.

Mwaka 2021 mwenyekiti wa jumuiya alifiwa na binti yake kwa maradhi, na marehemu alipoingia katika ile nyumba, watu walimgeukia wakisubiri atasema nini safari hii, lakini alipita moja kwa moja hadi chumbani, akakusanya shuka alizougulia yule binti, akatoka nazo uani akafungulia bomba, na mwenyekiti alipomfuata na kumwuliza, "Dada, huna hata neno la kunipa?" alimjibu, "Nimekuja kufua. Shika ncha hiyo tukamue," wakakamua, na tangu hapo, hata Jumapili ambazo mkamwana hakuja, walikuwa wawili kwenye lile benchi.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa katika hospitali ileile aliyoifulia, na maumivu yalipozidi jirani mmoja alimshauri ayatoe kwa ajili ya roho za toharani, naye akasema, "Nitayatoa, lakini dawa ya kutuliza ije kwanza, sitaki kumtolea Mungu makelele," na wauguzi walicheka hata mwenye sindano akalazimika kungoja mkono utulie.

Aliporudishwa nyumbani alipokea mpako wa wagonjwa, na siku moja mchana, mkamwana akimkanda miguu, alimwambia jambo ambalo tunaona ni haki mlisikie, alisema, "Mwanangu, unajua kwa nini watu wanapenda kusema Mungu amempenda zaidi? Kwa sababu ukishamwondoa Mungu kwenye hiyo kesi, anabaki mtu. Na huyo mtu tutamfanya nini?"

Mkamwana alihamia mguu wa pili.

"Mimi maumivu yangu nayatoa kwa ajili ya yule aliyempiga mwanangu," alisema. "Simjui. Huenda alilazwa ile wodi ya mwisho, nikamfulia shuka. Siku hizi nikikosa usingizi huwa najiuliza kama na yeye analala. Namwombea apate usingizi. Itikia amina."

Mkamwana hakuitikia, aliendelea kukanda miguu, na marehemu hakumlazimisha, alisema tu, "Haya. Maji yako bado ni ya moto, damu itang'ang'ania," na hawakulizungumza tena.

Alifariki Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, alasiri, kwenye kitanda cha seremala, ameacha mtoto mmoja, mjukuu mmoja, dada mmoja na mkamwana ambaye sasa chakula anapika kingi mno kwa sababu mkono haujajua kupunguza.

Jioni ya siku hiyo kaka mkubwa alimwita mkamwana akamwambia, "Shemeji, mama alitaka wewe ndiye usome, basi mwishoni usisahau yale maneno, tulikupenda lakini Mungu amekupenda zaidi, watu wameyazoea, wasije wakatuona hatuna dini," na mkamwana alimjibu, "Mama hakuyataka, kaka," na lilikuwa neno la kwanza la kumpinga tangu aolewe katika nyumba hii, naye kaka akasema, "Kweli. Angeamka."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza maumivu bila kuchoka na maneno yake, tunawashukuru wafanyakazi wa dobi waliozileta shuka hizi nyeupe zilizofunika jeneza, wamezipiga pasi wenyewe, tunawashukuru majirani kwa maji na kuni, pamoja na wale waliokuwa wakisalimia kwa mbali ambao leo wamekuja karibu, tunamshukuru paroko, na kwa namna ya pekee mwenyekiti wa jumuiya, aliyemwosha marehemu kwa mikono yake, na kama tumesahau mtu ni usahaulifu wa wafiwa, si dharau.

Asubuhi iliyofuata kifo chake, siku ya Ijumaa, kabla wageni hawajajaa, mkamwana alizitoa shuka za marehemu uani, akafungulia bomba, akazitumbukiza katika maji baridi, na alipokuwa anazikamua alikumbuka kwamba sasa hakuna aliyebaki duniani wa kumwombea yule mtu aliyempiga mumewe darajani, kazi hiyo imeachwa bila mwenyewe, basi akasimama pale, ncha moja ya shuka mkononi na ncha nyingine haina wa kuishika, akasema amina aliyodaiwa.

Lala kwa amani, mama, na yule naye apate usingizi.