Voß au Voss

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha Mama Roswitha, hapa Gelsenkirchen, na kahawa yake ni kali kuliko mdomo wa Mkaa. Mkaa ni mchimba makaa mstaafu. Mwenzake wa kubishana ni Kalamu, aliyefundisha Kijerumani mpaka nywele zikaisha. Mimi nasikiliza na kuwachokoza. Jumamosi ile Mama alikuwa anafunga kibanda saa sita, moja kwa moja, baada ya miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumeagiza kibao cha shaba cha kumshukuru, kifungwe kwenye benchi. Saa nne fundi akapiga simu: jina la ukoo ni Voss, kwa esi mbili, au Voß, kwa ile herufi yetu inayofanana na B iliyoshusha mkia? Alitaka jibu upesi, achonge.

— Esi mbili, — alisema Kalamu. — Ukivuta irabu, ile ya mkia. Ukiikata, esi mbili. Hapa inakatwa.

— Mimi naivuta, — alisema Mkaa.

— Wewe unavuta kila kitu. Daktari alikuandikia unywe bia in Maßen, yaani kwa kiasi. Ukasoma in Massen, kwa mapipa.

— Na nikapona.

— Waswisi wameitupa herufi hiyo, na wanaishi, — nikachokoza.

— Waswisi wana milima, — alisema Mkaa. — Yenye mkia itapandaje kule?

— Kidole kimoja hakivunji chawa, — alisema Kalamu. — Ndiyo maana esi ni mbili.

— Heri nusu shari kuliko shari kamili. Weka moja. Isitoshe, ile yenye mkia ni esi mbili zilizooana, moja ikashika mimba. Utawatenganisha wewe?

Tukacheka. Mkaa hakucheka.

— Sikia, Mwalimu. Herufi ile haianzi neno hata moja. Siku zote iko nyuma ya wenzake. Sasa huyo si Mama? Mke wangu alipolazwa, nani alimpelekea supu wiki sita, kwa tramu? Simshukuru kwa jina bovu mimi.

Kalamu aliweka kikombe chake benchini.

— Hata mimi nina langu la kumshukuru, — alisema. — Nilipostaafu, ni yeye tu aliyeendelea kuniuliza maswali.

Dilara, tarishi mpya, alikuwa ameegesha baiskeli na kusimama na kahawa yake, akitusikiliza.

— Samahani, wazee wangu. Mwenyewe analiandikaje?

Mkaa alimtazama Kalamu, Kalamu akatazama kikombe. Niliona aibu kweli. Miaka yote ile tulimwita Mama, tukanywa, tukaenda zetu.

Mkaa akavua kofia, akaazima kalamu ya Dilara, akaenda dirishani.

— Mama, utuwie radhi. Jina lako linaandikwaje?

Mama Roswitha alifuta mikono, akaandika nyuma ya bahasha: Voß.

— Kila Krismasi mnanipa kadi ya Voss, — alisema.

— Mbona hukusema? — aliuliza Kalamu. Kadi zote aliandika yeye.

— Ningekusahihisha, Mwalimu, ungeona haya kuniandikia tena. Zote kumi na tisa ziko ukutani jikoni kwangu.

Kalamu akaichukua simu.

— Fundi, — alisema. — Weka ile yenye mkia.