Tasbihi ya Watu Kumi na Wawili

Sogea, Toyohiko, mwanangu wa kwanza, na wewe Yasuko, mkwe wangu, weka chini hilo bakuli la uji, maana kinywa kinachomeza hakisemi, na mimi leo nina maneno mengi kuliko pumzi. Msilie kwanza. Sikieni.

Nyumba hii na mashamba mawili ya mpunga ni yako, Toyohiko. Mierezi ya mlimani aliyoipanda marehemu baba yenu mgawane sawa na dada yako, wala usikatwe mti kabla theluji haijayeyuka, kwa kuwa gogo likiteleza halimjui mwenye msitu. Mifupa yangu iwekeni karibu na baba yenu. Karibu na mama yake, hapana.

Lakini tasbihi hutaipeleka makumbusho. Jana nilikusikia jikoni ukimwambia mkeo, “Mama akiondoka, lile dude tuwape watu wa makumbusho. Kijiji kimebaki na vikongwe watatu, nani atalivuta?” Umesema kweli, na ukweli wako umeniuma kama theluji kwenye jino bovu. Shanga elfu moja na themanini, duara la kuzungusha chumba kizima, zilichongwa ili watu kumi na wawili wakae magoti kwa magoti, wazipitishe mkono kwa mkono wakivuta uradi, na shanga ile kubwa ikikufikia unainyanyua hadi kwenye paji la uso. Ndani ya kioo itanyanyuliwa na nani?

Sasa niwatolee jambo nililolificha. Mliambiwa kwamba mwaka ule baba yenu alipofukiwa na udongo Tokyo, alikokwenda kila kipupwe kutafuta kibarua, mimi niliugua ini. Halikuwa ini. Ilikuwa sonona. Nililala miezi saba, Toyohiko, nawe ulikuwa na miaka tisa, ulipika wali ukaungua, ukamlisha dada yako, kisha ukaniambia, “Mama, pale palipo peupe, pasipoungua, ni pako.” Nikageukia ukutani.

Nilipoamka, niliamka ili nijifungie mbele ya madhabahu ya wazee wetu na kuvuta uradi peke yangu, Namu Amida Butsu, Namu Amida Butsu, kwa kuwa tumefundishwa kwamba Buddha Amida huja kumpokea kila aliitaye jina lake. Nami nilimwita aje upesi anichukue. Jina la kuishi nalo nililigeuza kuwa jina la kuombea kifo. Hilo ndilo kosa langu, wanangu, na asiyejua atadhani nilikuwa mcha Mungu.

Aliyenitoa hakuwa rafiki. Alikuwa Fukuno muuza tofu, yule aliyekuwa akiiba maji ya zamu yetu shambani, na miaka minne tulikuwa hatujasalimiana. Aliingia asubuhi bila hodi, theluji mabegani.

“We Tatsue! Unanuka kama pipa la figili za chumvi.”

“Niache nife.”

“Kufa utakufa, nani kakuzuia? Ila Amida si teksi ya kuitwa mlangoni. Mkwe wa jirani Genzo kajifungua, haji, tumebaki kumi na mmoja, na tasbihi inalala sakafuni pale penye pengo. Imani yako siitaki, shoga. Lete mikono.”

Nikaenda. Sikuimba. Lakini shanga zilifika zikanisubiri, na nisipopitisha, wanawake kumi na mmoja wanakwama, basi nikapitisha. Mwezi wa kwanza nilitoa mikono, mwezi wa tatu midomo, na mpunga ulipopandwa nilisikia sauti inaimba nikageuka kumtafuta mwenyewe, kumbe ni mimi. Dawa za daktari wa mjini nilimeza pia, msije mkasema nilizitupa. Fukuno ndiye aliyenisindikiza kwa basi, akinitukana njia nzima. Maji aliendelea kuyaiba mpaka alipokufa. Nimemsamehe, nanyi msiwasumbue wajukuu wake.

Giza halikuisha. Lilirudi mara kwa mara kama mgeni aijuaye njia, ila lilinikuta nimekaa katikati ya watu. Sasa watu hao wako makaburini, na kipupwe kikiingia hao vikongwe wenzangu wawili hawawezi kupanda huku, basi huivuta mwenyewe, mkono hata mkono, shanga zikikwaruza mkeka, na ile kubwa huchukua nusu saa kunirudia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nimemvunja vunja hivyo hivyo, miaka mitano.

Nipe maji, Yasuko. Kidogo.

Sasa nasema na aliye nyuma ya mlango wa karatasi. Sanae, binti yangu, naona kivuli cha magoti yako. Miaka miwili tangu urudi kutoka Tokyo umeshinda chumba cha juu, na mimi majirani nimewaambia unaumwa ini. Nisamehe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimenikuta na uongo ule ule kinywani, wa mama na wa mwana.

Tasbihi ni yako. Sikuambii utapona kesho, wala sikuambii uamini. Nakuomba mikono. Usiivute peke yako kama nilivyofanya, wala Amida usimharakishe, ana siku yake. Na wewe, Toyohiko, kila tarehe kumi na tano, siku ya tasbihi, uje na mkeo mkae naye, hata kama hamna la kusema. Huo ndio urithi wako mzito kuliko mashamba.

Itoeni sandukuni. Shikeni... hivyo. Yasuko, fungua mlango upana wa mkono tu, usizidi, upitishe shanga huko nje. Usimwite.

Mbarikiwe, wanangu. Mchele wenu uive... usiku wenu uwe na mtu wa pili. Anza, Toyohiko. Polepole... Namu Amida...

Mbona unavuta kwa nguvu, Toyohiko? Siyo wewe, ni huko mlangoni?

Basi usigeuke kumtazama. Pokea... pitisha.